Honi ya Kona ya Mwabungo

Juzi plagi ya pasi ilianza kuungua katika nyumba tunayopanga, na mwenzangu alipiga kelele mpaka jirani wa juu akashuka. Jirani ndiye aliyeng'oa waya ukutani. Mimi nilibaki nimesimama pale pale, gauni mkononi, nikivuta pumzi.

"We Mwanasha, unanusa nini? Si tungeungua!" alisema mwenzangu.

Ile harufu ya mpira uliopata moto, tamu kidogo mwanzoni na chungu mwishoni, ilikuwa imenitoa kwenye baridi ya Nairobi na kunikalisha kwenye kiti cha mbele cha gari la baba, alasiri, kwenye kona ya Mwabungo, penye makaburi ya kwetu. Ilinikaa puani siku nzima. Nilifunga dirisha ili isitoke.

Wanaonijua siku hizi wananijua kwa maswali. Chuo kikuu kulikuwa na mhadhiri mmoja ambaye akiona mkono wangu umeinuka alianza kukunja karatasi zake na kutazama saa. Siamini ndoto, siamini nyota, na wanasiasa siwaamini hata wakiniambia leo ni Jumatatu. Sisi tuliokuwa watoto bendera ilipobadilishwa tuliahidiwa mambo mengi mno, na pengine ndiyo maana wengi wetu tumekuwa watu wa kusema, "Thibitisha." Lakini kuna jambo moja nililoliamini kwa moyo wote, kuliko nilivyowahi kuamini jambo lolote tangu hapo. Niliamini kwamba mama yangu, aliyekuwa amekwisha kuzikwa, alikuwa akilisimamisha gari letu.

Gari lenyewe lilikuwa jeusi, la mviringo, na taa zake mbili zilitokeza juu ya madigadi kama macho ya kaa. Lilikuwa zee hata siku lilipofika kwetu. Mzungu mmoja wa Diani, ambaye baba alikuwa karani wake, aliona Uhuru haumfai, akafunga masanduku yake akaondoka. Gari halikuingia sandukuni, basi akamwachia baba. Jirani yetu alilizunguka mara moja, akaupiga teke mpira wa nyuma na kusema, "Wakubwa wanaondoka, wanatuachia magonjwa." Kweli hewa ya bahari ilikuwa imekwisha kulila. Ukifungua boneti uliona chumvi imeota juu ya kila nati, nyeupe na kijani, kama ukungu juu ya mkate wa juzi.

Baba akapata kazi ya stoo katika hospitali ya Msambweni. Alikwenda asubuhi, akarudi alasiri. Kabla ya kuzifikia nyumba zetu, barabara ilikuwa ikipinda kuzunguka mikorosho na makaburi ya ukoo, na kila dereva alipiga honi pale, kwa sababu huwezi kuona mbele na ng'ombe walipenda kulala katikati. Wengine walipiga fupi, pii, wakapita. Baba aliibonyeza akaishikilia, ikalia ndefu, haikunyamaza mpaka kona imekwisha. Mama akiisikia aliinuka popote alipokuwa, akajitanda kanga safi, akamtilia baba maji ya kuoga, kisha akaenda kusimama penye lango la ua. Hakuna aliyenieleza maana ya honi ile. Nilijua tu ni ya mama, kama kikombe cha bluu kilivyokuwa cha baba.

Mama alifariki akijifungua, na mtoto naye hakukaa. Walizikwa pale penye kona. Baada ya msiba baba alinihamisha shule, akanipeleka Msambweni, tukawa tunatoka pamoja na kurudi pamoja. Aliwaambia watu kwamba shule ya kule ina mwalimu mzuri wa hesabu. Mwalimu huyo alikuwa akisinzia darasani. Sasa ninaona kwamba baba aliogopa kurudi nyumbani peke yake.

Sikumbuki kama arobaini ilikuwa imepita. Ninakumbuka jua lilikuwa upande wa dirisha langu na vumbi la barabara ya murram limetanda nyuma yetu. Tulipofika kwenye kona, mkono wa baba ulikwenda kwenye honi. Nadhani ulikwenda wenyewe, kama mguu unavyojua ngazi ya nyumbani gizani. Honi ikalia, ndefu, kisha ikakatika katikati, na injini nayo ikanyamaza. Gari likajikokota likasimama. Ikaja ile harufu. Nje kulikuwa kimya, isipokuwa nyuki waliokuwa kwenye mabibo yaliyooza chini ya mikorosho. Nilitazama nje, nikaona kwamba tumesimama mbele ya kaburi la mama.

Baba alishuka, akafungua boneti, akagusagusa vitu kwa ncha ya kidole kama mtu anayepima joto la maji ya mtoto. Hakuona kitu. Akafunga. Akakaa kwenye bampa, akanipakata, tukasoma Fatiha. Halafu akaanza kusema.

Lazima nieleze kwamba baba hakuwa msemaji. Nyumbani, tangu tulipotoka kuzika, hakuwahi kulitaja jina la mama, na mimi nilijifunza kutolitaja. Siku ile, juu ya bampa, aliniambia kwamba mama alikuwa akiogopa mabata. "Mabata, baba?" "Mabata. Wakija upande huu, yeye anahamia upande ule. Na hakubali kwamba anaogopa. Anasema wananuka." Alicheka kidogo, nami nikacheka. Kisha akaingia, akajaribu stata, na gari likawaka kama halikuwahi kuwa na kasoro.

Likawa jambo la kurudiarudia. Si kila siku. Zilipita siku mbili tatu likipita bila taabu, halafu siku moja likazimika tena, pale pale. Na kila lilipozimika nilipata kipande kingine cha mama. Kwamba hakuweza kupiga mluzi, akijaribu hutoka upepo tu. Kwamba aliwahi kula nanasi zima peke yake kwa kubishana na shangazi, ulimi ukachubuka, akala siku tatu uji wa baridi. Kwamba jina langu alilichagua yeye, na baba alikuwa akitaka jingine.

"Jina gani?"

"Siku nyingine," alisema baba, na gari likawaka.

Ninajua wapo watakaosema mtoto yeyote angeamini. Mimi sikuamini ovyo. Nilikuwa na ushahidi, tena ushahidi mzuri kuliko mwingi niliousoma baadaye vitabuni. Gari halikuwahi kuzimika tunapotoka, lilizimika tunaporudi tu. Na mama ndiye aliyekuwa akimpokea baba anaporudi. Siku za mvua halikuzimika kabisa. Mama hakutaka tulowe. Na akiwemo mtu mwingine ndani ya gari, hata mmoja, halikuzimika. Tulipowapa lifti walimu wa Msambweni, lilipita. Tulipomchukua Shangazi Mejumaa, dada yake baba, lilipita. Nikahitimisha kwamba mama anatutaka sisi wawili peke yetu, na kwamba Shangazi Mejumaa hapendwi naye, pengine kwa sababu ya lile nanasi.

Sikuwa peke yangu katika imani hii. Mwabungo nzima ilianza kunong'ona. Mara nyingi, tukiwa bado tumekaa kwenye bampa, mtu alipita na baiskeli, akatusalimu kwa sauti ya chini na kuongeza mwendo. Wengine walisema marehemu anadai hitima nyingine. Wengine walisema gari la Mzungu halikuwahi kusomewa dua. Watu waliokuwa wakimwomba baba awapeleke wagonjwa wao Msambweni walianza kuwabeba kwa machela au kusubiri basi.

Hapo ndipo jambo lilipoanza kuwa zito, kwa sababu Shangazi Mejumaa alikuwa mjamzito. Mumewe alikuwa kazini bandarini Mombasa, kwa hiyo shangazi akaja kukaa kwetu. Mimba mbili za kwanza zilikuwa zimeharibika, na mtoto wa tatu alizaliwa bila uhai. Mkunga wa hospitali alimwambia waziwazi kwamba safari hii asithubutu kuzalia nyumbani. Akisikia uchungu tu, aletwe. Na gari lilikuwapo uani, hatua chache kutoka kitandani kwake.

"Siingii," alisema. Alikuwa amekaa barazani akisuka ukili, miguu imenyooshwa, tumbo limejaa mapajani.

"Umeingia mara ngapi, Mejumaa?" alisema baba. "Limewahi kukufanya nini?"

"Niliingia tumbo likiwa tupu. Sasa nina mtu tumboni. Aliyekufa na uzazi akiita, humwita nani? Humwita mzazi mwenzake."

"Dada yangu, kile ni chuma."

"Chuma kinachoitika?"

Baba akaenda kuchota maji, ingawa mtungi ulikuwa umejaa. Nami nilikasirika kwa ajili ya mama. Nilitaka kumwambia shangazi kwamba mama hana ubaya, anatusimamisha ili tukae tu. Lakini mtoto wa kwetu haingilii maneno ya wakubwa, na pia sikutaka mtu mwingine ajue tunayoyasema pale kwenye bampa.

Baba akamwita Fundi Masudi wa Ukunda. Huyu alikuwa mtu wa maneno mengi na kofia ya mafuta, aliyejisifu kwamba amewahi kulitengeneza gari la Bwana DC likiwa linatembea. Alisafisha plagi. Alikwangua platini. Alibadilisha koili kwa nyingine aliyoitoa kwenye gari lililokufa. Kila mara aliliendesha uani, akalizungusha mpaka Ukunda na kurudi, na kila mara lilinguruma vizuri.

"Likifika mikononi mwangu linashika adabu," alisema, "kama mtoto wa chuoni mbele ya mwalimu wa Kurani."

"Na likifika kwenye kona, linazimika," alisema baba.

"Basi twende kwenye kona."

Wakaenda mpaka Msambweni na kurudi, mimi nikiwa nyuma. Nilijua halitazimika, mtu mwingine alikuwamo. Baba alipiga honi yake fupi, pii, kama dereva yeyote, tukapita makaburi, tukaingia uani. Fundi alishuka akimtazama baba kwa pembe ya jicho. Nadhani hapo ndipo alipoanza kufikiri kwamba ugonjwa hauko kwenye gari.

Alirudi mara ya mwisho Jumamosi moja, saa za alasiri. Sisi tulikuwa tumetoka Msambweni muda huo huo, tumewaleta watu wawili, kwa hiyo kona tulipita salama. Baba alikuwa amekwenda msikitini. Shangazi alikuwa pale pale barazani na ukili wake.

"Hodi wenyewe!"

"Karibu. Shikamoo, Fundi."

"Marahaba, mwanangu. Mgonjwa ameshindaje?"

"Mzima," nilisema. "Hajazimika leo."

"Hajazimika!" Fundi Masudi aliegemeza baiskeli, akageukia barazani. "Mwanamke, mimi nitasema ukweli wangu. Mkono wangu umefika mwisho. Kila kinachoweza kufunguliwa nimekifungua. Kama kuna kingine, hicho si cha spana. Tafuteni mwalimu aje asome."

"Si nilisema," alisema shangazi, na sauti yake haikuwa na furaha ya mtu aliyeshinda. Aliweka mkono juu ya tumbo. Hata mimi niliona kwamba anaogopa.

Nilitakiwa ninyamaze. Lakini yule fundi alikuwa akimzungumzia mama yangu kama anazungumzia jini, na shangazi alikuwa akimwogopa kana kwamba hawakuwahi kula sahani moja.

"Halizimiki kwa sababu wewe humwiti," nilisema.

"Nani?"

"Mama. Hasimamishi gari hivi hivi. Baba humwita kwanza, naye huitika. Wewe ukiwemo baba hamwiti, ndiyo maana."

Fundi Masudi alivua kofia. "Humwitaje?"

"Mayo," alisema shangazi upesi. Huniita hivyo, yaani mama, kama wanavyoitwa kwetu watoto wa kike. "Mayo, njoo unishikie ukili."

Lakini nilikuwa nimekwisha kufungua mlango wa gari. Nilipiga magoti kwenye kiti cha dereva, nikaweka viganja vyote viwili juu ya honi, nikabonyeza kama baba anavyobonyeza. Ikalia uani kwetu, ndefu. Kuku walikimbia. Nilipoiachia, Fundi Masudi alikuwa amesimama kama mtu aliyesahau alichofuata.

"Baba yako hupiga hivyo? Ndefu hivyo?"

"Kwenye kona tu. Tukiwa sisi wawili."

"Na honi hukatika kabla hajaiachia?"

"Mama akiitika, ndiyo."

"Lahaula," alisema, na akacheka kicheko kimoja kifupi. Akanihamisha, akawasha injini, akaiacha ingurume. Aliiacha mpaka mvuke ukaanza kutoka puani mwa gari na shangazi akalalamika moshi. Ndipo alipobonyeza honi akaishikilia. Ililia, ikalia, ikaanza kukoroma, kisha ikakatika, na injini ikafa pamoja nayo. Mle uani, bila kaburi lolote karibu, ikatoka ile harufu.

Fundi alilala chali, kichwa chini ya usukani, akinusa kama mbwa. Nilimsikia akiguna. "Njoo uone. Tia kichwa hapa." Nilitia kichwa. Nyuma ya swichi kulikuwa na nati ndogo, imevaa kutu ya kijani, na waya mbili zimefungwa chini yake, mpira wa moja umekuwa mweusi na kukunjamana. Alieleza akinyoosha kidole, naye alieleza vizuri. Moto wote wa umeme, wa injini na wa honi, ulipita kwenye nati ile moja, nayo siku za karibuni ilikuwa imelegea na kujaa chumvi. Injini peke yake ilipita kwa shida. Honi fupi ilipita. Honi ndefu, baada ya safari ndefu juani, gari likiwa limeshachemka, ilizidi. Nati ikapata joto, ikaachia, kila kitu kikazimika. Ikipoa, inashika tena.

"Unaona? Mchezo wote ni huu. Mama yako wapi hapa, binti? Ni nati!"

"Fundi!" alisema shangazi kwa ukali ambao sikuwahi kuusikia. "Mdomo wako huo."

Wakati huo huo baba aliingia uani. Alikuwa akikimbia. Kikoi amekishika kwa mkono mmoja, mguu mmoja una ndara na mwingine hauna. Alisimama, akatazama gari, akatazama lango la ua, mahali alipokuwa akisimama mama, kisha akanitazama mimi. Nilikuwa mdogo, na nilidhani amekuja mbio kwa sababu nimecheza na gari. Sasa ninafikiri juu ya mtu aliyetoka kusali, anayesikia honi yake mwenyewe ikilia kutoka nyumbani kwake.

"Bwana," alisema Fundi Masudi, akijipangusa, furaha imemjaa, "wiki zote hizi, kwa nini hukuniambia habari za honi?"

"Honi si kitu," alisema baba. "Kila dereva hupiga honi."

"Hivyo?"

Baba akakifunga kikoi chake upya. Shangazi aliinamia ukili wake akausuka upesi upesi. Hata fundi, pamoja na maneno yake yote, alianza kutafuta bisibisi iliyokuwa mbele ya macho yake. Kwetu mwanamume hampigii mkewe honi ya mapenzi mbele ya watu, sembuse mke aliyezikwa. Ndiyo maana ugonjwa haukuonekana kila alipokuwapo wa kuuona.

"Nipe ile spana ndogo," aliniambia fundi.

Spana ilikuwa mkononi mwangu. Alikuwa amenipa niishike alipolala chini.

"Ukikaza," niliuliza, "halitasimama tena pale?"

"Halitasimama mpaka Lungalunga!"

Nikaurudisha mkono nyuma.

Hakuna aliyenigombeza. Baba alichuchumaa mbele yangu, kikoi chake kikagusa mchanga. Hakuniambia kwamba mama yuko peponi, wala kwamba mimi ni msichana mkubwa, na mpaka leo ninamshukuru. Aliniambia kwa sauti ya chini, "Shangazi yako ana mtoto tumboni. Ninataka arudi naye."

Nilimtazama Shangazi Mejumaa. Alikuwa ameacha kusuka. Hakuniomba, alikuwa akitazama tu ile spana, kama mtu anayesubiri kuambiwa lake. Nikaona kwamba anafanana na mama siku za mwisho, vifundo vya miguu vimevimba, kanga imefungwa juu ya tumbo. Nikampa baba spana. Sikumpa fundi. Baba ndiye aliyempa fundi.

Jumatatu tulirudi kutoka Msambweni sisi wawili. Nilikaa mbele, mikono mapajani. Tulipokaribia kona nilimtazama baba, naye akatazama barabara. Mkono wake ulikaa kwenye usukani. Tulipita mikorosho, tukapita makaburi, bila honi yoyote, hata ile fupi. Ilikuwa bahati tu ng'ombe hawakuwapo. Nilijua sababu ingawa sikuwa na neno lake. Jambo lile lilikuwa limekwisha kutajwa mbele ya watu, na baba hakuweza tena kulifanya. Tulifika nyumbani mapema. Hakuna aliyeniambia jina lile jingine lilikuwa lipi.

Nimeifuata nati ile mara nyingi, kwa njia nilizofundishwa na kwa njia zangu. Gari lilizimika kwa sababu nati ilipata joto. Nati ilipata joto kwa sababu honi ilikuwa ndefu. Honi ilikuwa ndefu kwa sababu kulikuwa na mwanamke aliyezoea kuisikia akajitanda kanga safi. Fundi Masudi alisimama kwenye jibu la kwanza, na kwa kazi yake hilo lilitosha. Mimi, ninayejisifu kwamba sisimami, nikifika kwenye la mwisho ninakuta nimerudi pale nilipokuwa nikiwa mtoto. Sijui nifanye nini na jambo hilo. Ninaliandika tu.

Uchungu ulimshika Shangazi Mejumaa asubuhi moja tukinywa chai. Aliingia garini bila neno, akakaa nyuma na kushika mshikio wa mlango kwa mikono miwili. Lilikwenda mpaka Msambweni bila kukohoa. Alijifungua mtoto wa kiume, mnene, mwenye hasira, na baada ya siku chache tukaenda kuwachukua.

Tulirudi alasiri. Jua lilikuwa upande wa dirisha langu. Shangazi alikuwa nyuma, mtoto amelala kifuani. Tulipoanza kuiona mikorosho, baba alipunguza mwendo. Gari likaanza kupinda.

"Kaka," alisema shangazi. "Mbona hupigi?"

Baba aliendelea kushika usukani.

"Unadhani tulikuwa hatusikii? Honi ya mji mzima, sisi tuna pamba masikioni? Kila siku tulikuwa tukisikia, inalia, halafu kimya. Watu walikuwa wakiacha walichoshika." Alimweka mtoto vizuri. "Hatukusema, kwa sababu hilo si la kusemwa. Haya, piga. Ajue tumerudi salama. Ajue tumekuja na mgeni."

Kisha mkono wa baba ukaondoka kwenye usukani, polepole, ukakaa juu ya honi, na akabonyeza.

Ikalia ndefu. Tukaingia kwenye kona, ikawa inalia. Kaburi la mama likaja upande wangu, na mabibo, na nyuki. Nikashika kiti kwa mikono yote miwili, nikasubiri. Nilijua habari za nati, nilikuwa nimeiona kwa macho yangu, na bado nilisubiri. Nilipomtazama baba niliona kwamba naye anasubiri. Kaburi likapita. Hakuiachia. Kona ikaisha, nyumba zikaanza, honi ikawa bado inalia, mtoto ameamka na kupaza sauti yake juu ya ile ya honi, wanawake wametoka milangoni wakipiga vigelegele, watoto wanakimbia ubavuni mwa gari wakidhani tunamshangilia aliyezaliwa. Baba alikuwa ameibana ile honi kwa uzito wa mkono wake wote, macho mbele, njia nzima, mpaka tukaingia uani, na injini haikukatika hata kidogo. Fundi Masudi alikuwa amekaza vizuri.